Jumamosi ya usafi na viranja wangu

Saa 11 alfajiri niko macho, baridi ya Lushoto wenye kuijua mnaijua, nakunywa chai ya rangi na kiporo cha makande naondoka. Mimi ni mwalimu mlezi wa viranja, shule yetu ya kata ni ndogo, wanafunzi hawafiki 200.

Saa 1 nafika nakuta dada mkuu keshapanga majembe na fagio za chelewa kwa mikondo. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na tunaenda zahanati ya kijiji. Zamani tulikuwa tunaamua walimu, watoto wanafuata tu. Safari hii kiranja wa mazingira alisimama barazani akasema kina mama wa kliniki wanateleza pale mlangoni kila mvua ikinyesha, mama yake mwenyewe kaanguka na mdogo wake mgongoni, ikapigwa kura ikapita.

Saa 2 mpaka saa 5 ni kazi tu. Kuna mtoto wa fomu one, darasani humsikii kabisa, yeye alikuwa anapanga mawe ya njia moja moja, kila jiwe analikanyaga kwa kisigino, likicheza analing'oa anachimba kidogo analirudisha. Nilimwangalia mpaka nikasahau kufyeka. Bibi mmoja akatoka na dawa zake, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, akapita juu ya yale mawe wa kwanza kabisa, yani wale watoto walivyofurahi!

Saa 6 baraza chini ya mti. Hela ya mchicha wa bustani ipo 38,000, kiranja wa mazingira anataka saruji tumalizie pale mlangoni, kaka mkuu anataka mpira maana uliopo umechanika na wanacheza nao hivyo hivyo tangu muhula uanze. Mimi moyo uko kwenye saruji ila nimenyamaza, na kunyamaza kwa mwalimu ni kazi jamani. Mikono ikahesabiwa mara mbili, mpira ukashinda. Iliniuma lakini kura ni yao, nikisema hapana leo wiki ijayo nani atanyoosha mkono?

Kiranja wa mazingira hakununa, akaomba mavuno yajayo ya mchicha yawe ya saruji, kaka mkuu akawa wa kwanza kuunga mkono, katibu akaandika kwenye daftari na tarehe.

Saa 9 narudi nyumbani nikapitia zahanati, manyunyu yameanza, nikakanyaga yale mawe yote. Hakuna lililocheza.