Mohamed Amin, na maandishi madogo pembeni mwa picha

Leo ni tarehe 23 Novemba. Nimeteremsha kile kitabu kikubwa cha picha alichoniachia baba, nikakifuta vumbi, nikakaa nacho sakafuni kama zamani. Utotoni, kabla sijajua kusoma vizuri, nilikuwa nikipitisha kidole pembeni mwa kila picha, kwenye herufi ndogo mno: Mohamed Amin/Camerapix. Nilidhani yote ni jina la mtu mmoja.

Amin alikuwa mpiga picha wa habari wa Kenya, na Camerapix ilikuwa kampuni yake. Aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1963, kijana wa miaka kama 20 tu, mzaliwa wa Nairobi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Angeweza kuishi kwa kukodiwa na mashirika ya ng'ambo, alipwe ujira wake, filamu zipande ndege ziende zao. Yeye akajenga nyumba yake mwenyewe: habari za televisheni, vitabu, jarida la abiria wa ndege, na hazina ya picha iliyokaa Nairobi. Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko tuzo zote.

Wengi humkumbuka kwa taarifa ya njaa kutoka Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, alipokwenda na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Nimeitazama tena taarifa ile jioni hii. Ni alfajiri, baridi ya nyanda za juu, na watu wamejifunika mashuka hadi kichwani, wamejaa mpaka jicho linapokomea. Kamera haina papara. Inapita taratibu, ikifika kwenye uso wa mtu inatulia, kama mgeni anayejua kubisha hodi. Mwaka uliofuata dunia ilikuwa inaichangia Ethiopia kwa matamasha. Mimi nimeshindwa kuitazama hadi mwisho.

Kazi hiyo ilimla mwili. Zanzibar walimfunga karibu mwezi mzima mwaka 1966, wakamtesa. Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Mlipuko huohuo ulimuua John Mathai, fundi sauti wake. Jina la Mathai halitajwi sana, nami naliandika hapa kwa makusudi. Amin alirudi kazini na mkono wa bandia.

Halafu ikaja 1996, tarehe kama ya leo. Ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaangukia baharini karibu kabisa na ufuo wa Ngazija, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walikufa, naye akiwemo. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho alikuwa amesimama, akijadiliana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Kwenye ukurasa wa Ziwa Turkana baba alikunja pembe. Alikuwa akituambia kwamba siku moja atatupeleka huko. Nimeiacha ilivyo.