Kamba za Shaba Ndani ya San Lorenzo

Kutoka stesheni ya Santa Maria Novella, Florence, Italia, tulitembea kama dakika 10 hadi kanisa la San Lorenzo, kuona kaburi la ndugu wawili, Piero na Giovanni de' Medici. Kwa nje ni mawe matupu. Marumaru aliyoisanifu msanii Michelangelo kwa ajili ya uso wake haikuwahi kubandikwa.

Wengi hupotea hapa. Wakisikia makaburi ya Medici, ukoo uliotawala Florence, huzunguka nyuma hadi mlango wa Cappelle Medicee (vikanisa vya Medici), wakakata tiketi, na kaburi hili wasilione. Hili limo ndani ya kanisa lenyewe, na tiketi yake ni nyingine. Nenda mbele hadi karibu na altare, pinda kushoto, uingie Sakristia ya Zamani, chumba cha mapadre kujiandalia ibada, kilichojengwa na msanifu majengo Brunelleschi.

Kaburi limewekwa ndani ya tao lililotoboa ukuta. Mchongaji Andrea del Verrocchio alilimaliza mwaka 1472 kwa agizo la Lorenzo na Giuliano de' Medici, wakiwazika humo baba yao Piero na baba yao mdogo Giovanni. Halina sanamu ya marehemu wala malaika. Sanduku ni la porfiri, jiwe jekundu la zambarau ambalo Warumi walilichimba katika jangwa la Misri. Enzi za Verrocchio machimbo yalikuwa yameachwa karne nyingi, hivyo mafundi walikata upya vipande vya kale. Patasi huisha makali kwenye jiwe hili. Pande zake zimeachwa laini, mapambo yakaachiwa shaba: majani yanayopanda pembeni, makucha ya simba, na chini kabisa kobe.

Lakini tazama juu. Tao lote limezibwa kwa wavu wa kamba za shaba. Sogea uone nyuzi zilivyosokotwa, na kila fundo lilivyokazwa, utadhani ni jarife la mvuvi. Kumimina shaba nyembamba namna hiyo kuna hatari yake: hewa ikinaswa ndani ya kalibu, au shaba ikipoa kabla haijafika mwisho, kamba hutoka imekatika. Ndiyo maana hatuchoki kuutazama.

Usiondoke kabla ya kuzunguka ukuta na kuliona kwa upande wa pili, kupitia kikanisa cha jirani.

Lorenzo na Giuliano nao walizikwa kwanza katika Sakristia hii. Mwaka 1559 walihamishiwa Sakristia Mpya, na huko ndiko mlango ule wa nyuma unakokupeleka.