Zamu ya Usiku

Kwa miaka mingi, kila niliposikia neno dhabihu nilifikiria madhabahu na mashujaa waliofia vitani, kumbe maana yake ilikuwa ikipita karibu nami kila usiku ikiburuta ndala. Baba yetu alipopatwa na kiharusi na kupooza upande mmoja, dada yangu mkubwa alikataa uhamisho wa kikazi alioungoja kwa muda mrefu, akabaki kumuuguza. Sisi wengine tulituma fedha na kujiona tumetimiza wajibu, ingawa fedha zenyewe zilikuwa za ziada, na kutoa cha ziada ni ukarimu tu.

Mwezi uliopita dada aliugua, nikashika zamu yake kwa siku tatu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na saa mbili za usiku, niseme ukweli, ni fupi mno: unamwegemezea mto mgongoni, unanyoosha shuka lisiache mkunjo chini ya nyonga, unajilaza, na kabla usingizi haujakukolea kengele ya simu inalia tena. Usiku wa pili nilimgeuza kwa hasira, naye akanishika kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Pole, mwanangu."

Nilipomuuliza dada anawezaje, alinitazama kana kwamba hakulielewa swali, kisha akaniuliza kama nilikumbuka kumpaka baba mafuta visiginoni. Sikuwa nimekumbuka.