Usiku na vidoti vya mtama

Wasee jana nimelala saa tisa usiku juu ya mtama, na si kupika uji. Natafuta jeni zinazofanya aina zingine zibaki kijani mvua ikikatika na zenzake zishakauka kama karatasi. Nikaweka alama laki moja za DNA (pahali DNA ya aina hizo inatofautiana) kwa laptopu, kila moja inapimwa kivyake kama inaendana na ule ukijani, alafu programu inachora grafu ya vidoti, inakaa tu ni kama tao ya maghorofa ukiiangalia kwa mbali, unatafuta ghorofa yenye imezidi zingine.

Aki nikaona vidoti kibao vimevuka mstari wa mpaka, nikamtumia supavaiza picha usiku huo huo, kiherehere yangu! Kumbe huo mpaka nilikuwa nimeuweka 0.05, yaani kila alama ina nafasi tano kwa mia ya kuvuka kwa bahati tu. Alama 100,000 ukitumia mpaka huo, kama 5,000 zitavuka kwa bahati tu hata kama hakuna jeni yoyote. Nikagawa 0.05 kwa 100,000 ndio mpaka ukuwe mkali, vikabaki vidoti vitatu.

Asubuhi akajibu neno moja: "Ukoo?" Nilikuwa nimesahau mbegu za pande moja ni ndugu, so alama inaweza kuwa inasema tu hii ni ya Turkana na hii ni ya Busia, haijui ukame. Nikaingiza undugu kwa modeli, kikabaki kidoti kimoja, kromosomu ya 3, na hapo ndio sehemu za Stg1 na Stg2 zinazojulikana kwa ukijani ziko. Nikapiga nduru, paka akatoroka, na stima ikapotea kabla nisevu.