Kisutu, buni na jukwaa la harusi yetu

Mpambaji alikuwa na picha nyingi kwenye tableti yake, na nyingi zilipendeza kweli: jukwaa jeupe, vitambaa vya dhahabu, maua ya plastiki yakining'inia darini. Ilikuwa mwaka 2016, dukani kwake Sinza, Dar es Salaam, na kamati ya harusi ilikuwa inatuhimiza tutaje rangi ili kina mama wakanunue sare. Tulizitazama zote. Mchumba wangu ndiye aliyelisema: "Dada, ni nzuri, lakini humu hatujioni."

"Haya, niambieni nyie ni kina nani," akajibu, akaiweka tableti pembeni na kuchukua daftari. Nampenda hadi leo kwa neno lile.

Mimi ni wa Tanga. Kwetu bibi harusi na kisutu haviachani, kanga ile nyekundu, nyeupe na nyeusi ambayo mama aliolewa nayo, na bibi kabla yake. Harusi ya kwetu unainusa kabla hujaiona, maana kina mama wamebandika vikuba kifuani, asumini na rehani vimefungwa pamoja. Mwenzangu ni Mhaya wa Bukoba. Yeye alianza na buni, punje za kahawa: kwao mgeni anakaribishwa kwa buni zilizochemshwa zikakaushwa, anapewa kwenye kikapu kidogo azitafune. Halafu akataja migomba. Dada yule aliandika kila kitu.

Tuliporudi tulikuta ameshatundika mfano ukutani. Kisutu kimepigwa marinda, na katikati, pale watakapokaa maharusi, lubugo, nguo ya gome la mti linalopondwa kwa nyundo za mbao hadi lilainike. Lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na mishono midogo palipokuwa pametoboka. Ukilishika ni laini na zito kama ngozi ya mbuzi. Pembeni ya wekundu wa kisutu lilipendeza mno. Nilikwishaliona jukwaa zima kichwani.

Shangazi yake mchumba, aliyekuja kutoka Bukoba kwa ajili ya vikao, alilisogelea akaligusa kwa mgongo wa mkono.

"Wanangu, babu yangu alizikwa na hili. Nilikuwa mdogo, nikawaona wakimfunga. Sitaki kuwaona nyinyi mmekaa mbele yake siku ya harusi."

Mpambaji alimweleza kwa heshima kwamba lubugo lilikuwa pia vazi la wafalme. Ni kweli; huko Uganda lilivaliwa siku za kutawazwa kabaka, na UNESCO imeutambua ufundi wake. Shangazi hakubisha. Alisema tu kwamba yeye akilitazama anamwona babu yake. Mchumba wangu hakungoja: "Litoke, shangazi." Nami nilikuwa upande wake palepale. Jukwaa la harusi si makumbusho. Wanaoliangalia jioni nzima ni ndugu zako, na kitu kikishamkumbusha mmoja wao msiba, uzuri wake umekwisha.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyelijaza pengo. Akataka migomba mibichi yenye mikungu isimikwe pande mbili za mlango wa ukumbi, na nyuma yetu kibaki kisutu peke yake. Buni ziwe katika vikapu mezani. Mpambaji alifikiria kuzigandisha kwa gundi ziwe pambo, shangazi akakataa katakata: buni ni za kutafunwa. Zikatafunwa, na wajomba zangu wa Tanga, waliozoea kahawa chungu ya kwenye vikombe vidogo, waliomba kikapu kirudi.

Kuhusu kisutu, mama alikuwa na sharti lake: kisikatwe hata kimoja. Mapambo mengi hukatwakatwa yakishamaliza kazi, na kanga iliyokatwa huwezi kumpa mtu. Kwa hiyo ukuta mzima ulipambwa kwa doti kamili, kwa pini na uzi tu. Asubuhi yake tulizifungua, tukagawa doti moja kwa kila mama wa pande zote mbili. Shangazi alichukua yake, akaomba na za wifi zake waliobaki Bukoba, na mama akaanza kumfundisha namna ya kuzipinda.