Michezo ya kutisha ya kutafuta vitu vilivyofichwa

Jamani, wapenzi wa michezo ya kutafuta vitu vilivyofichwa mpo? Nimeurudia Return to Ravenhearst, ule wa Big Fish Games wa mwaka 2008, na bado unanisisimua mwili. Ravenhearst wa kwanza, wa 2006, ulikuwa zaidi orodha ya vitu na picha iliyojaa makorokoro. Huu wa pili unakufungulia jumba lenyewe: unatembea chumba hadi chumba, unaokota kifaa huku, unakitumia kule, na vyumba vinakusimulia nani aliishi humo na alitendewa nini.

Kwangu mimi hofu ya kweli inatoka hapo. Sura inayochomoza ghafla na ukelele hunishtua mara moja tu, basi. Lakini sauti ya mtu akinong'ona nyuma ya mlango, wakati macho yangu yanatafuta mkasi kwenye rundo la vitu, hiyo nalala nayo. Mchezo unakulazimisha uikodolee macho picha inayokutisha. Huwezi kugeuza uso, maana mkasi umo humohumo!

Kinachoniudhi katika michezo mingi ya aina hii ni vitu vilivyofifishwa hadi vinafanana na ukuta, na kitufe cha kidokezo, kile cha kukuonyesha kitu kilipo, kinachochelewa kujaa tena ukishakitumia. Mafumbo ya milango nayapenda sana, ila yawe na mantiki.

Nyinyi mnacheza na sauti au mnaizima? Mimi bila spika za masikioni siuanzi kabisa.