Busu lililokatwa
Jana usingizi ulinipaa, nikaishia kutazama Piccadilly, filamu bubu ya Uingereza ya mwaka 1929. Jamani, Anna May Wong, yule mwigizaji Mmarekani wa asili ya Kichina! Yeye ni Shosho, muosha vyombo wa klabu ya usiku London. Mteja analalamikia sahani chafu (ni mwigizaji Charles Laughton huyo, kabla hajawa maarufu kwenye filamu, nilicheka peke yangu gizani), mwenye klabu anashuka kutafuta mkosaji, anamkuta binti wa Kichina kapanda juu ya meza anacheza, soksi imechanika, wenzake wameacha kazi wanamkodolea macho. Basi, mzungu wa watu kishanaswa.

Kilichonichoma ni kipande cha baa. Mwanamke mzungu anacheza na mwanamume mweusi, ghafla wanafokewa na dansi inakatishwa. Shosho na bosi wake wamo humo humo, wanaona kila kitu. Hakuna anayehitaji kuwaeleza kuwa na wao ni mwiko.

Baadaye Shosho na bosi wako wawili tu, nikasubiri busu. Wapi! Picha inazimwa kabla midomo haijagusana. Risasi iliyomuua Shosho, hiyo hawakuona taabu kuiweka kwenye hadithi.

Saa nane usiku, na mimi bado namwona pale juu ya meza.